Uwanja Kabla ya Bembea

Pita kijiji chochote cha Singida au Tabora mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yameingia ghalani, na utakutana na magari ya watoto. Mengine ni ya mabua ya mtama yaliyounganishwa kwa miiba. Mengine ni ya waya uliookotwa kwenye uzio mbovu, magurudumu yake yamekatwa kwenye ndala zilizotoboka. Usukani ni fito ndefu inayomwezesha dereva kukimbia wima nyuma ya gari lake. Kona ikifika, magurudumu ya mbele yanakata kweli, kwa sababu mtoto wa miaka tisa amekaa chini akafikiri namna ya kufunga ekseli ili izunguke bila kuchomoka. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Alimwangalia mtoto wa jirani, naye alimwangalia kaka yake, na ufundi huo umepita mikononi mwa watoto peke yao tangu malori ya kwanza yalipoonekana barabarani.

Ng'ambo ya njia wasichana wanacheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na akipigwa ametoka. Mchezo huo unataka wepesi wa mwili, jicho la kupima kasi ya mpira, na moyo wa kuinama kujaza chupa huku ukijua kuna mtu nyuma yako amekulenga. Chini ya mti wengine wamechimba kishimo cha mdako. Kokoto moja inarushwa juu, na kabla haijatua mkono umekwisha kuzitoa nyingine shimoni na kurudisha zile zisizohitajika. Jioni watoto wa rika zote wanajificha kwenye kombolela, mkubwa wa miaka kumi na miwili pamoja na mdogo wa minne, na kanuni zinalegezwa kwa ajili ya yule mdogo bila mtu mzima yeyote kuamuru.

Nimeanza na haya kwa sababu mipango mingi ya kuboresha michezo ya watoto vijijini huanza na orodha ya vitu visivyokuwepo: hakuna bembea, hakuna mteremko, hakuna mipira. Mgeni anaona eneo la vumbi tupu na kukata shauri kwamba watoto hawa hawana michezo. Historia ya viwanja vya watoto vya Ulaya yenyewe inamkosoa. Mwaka 1931 Carl Theodor Sørensen, msanifu wa bustani wa Denmark, aliona kwamba watoto wa mjini walivutiwa na mabaki ya mbao na matofali kwenye maeneo ya ujenzi kuliko bustani nzuri alizowabunia. Akapendekeza viwanja vya takataka, ambamo watoto wangejenga, wangechimba na kubomoa wenyewe. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, nchi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Nia yake ilikuwa kuwapa watoto wa mjini nafasi aliyokuwa nayo mtoto wa shamba: udongo, miti, vipande vya vitu, na wakubwa wasiowaingilia. Kile ambacho Copenhagen ilikitafuta kwa kukijenga, kijiji cha Tabora kilikuwa nacho tayari.

Kwa hiyo swali la nini kijengwe linaweza kusubiri. La kwanza ni hili: watoto wetu wamenyang'anywa nini? Mtoto wa kijijini hucheza kwa muda anaoupata, mahali anapoachiwa, na kwa ruhusa ya wakubwa. Muda, mahali na ruhusa vyote vinabanwa siku hizi, na vinabanwa na watu tunaowafahamu, kwa maamuzi ambayo tunaweza kuyarejea. Takriban theluthi mbili ya Watanzania zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022 wanaishi vijijini, na zaidi ya asilimia 40 ya wananchi wote ni watoto walio chini ya miaka 15. Tunazungumza juu ya mamilioni ya watoto, na bado ni nadra kwa mchezo kuwa ajenda kwenye kikao cha kijiji.

Nianze na muda, maana hapo ndipo penye dhuluma kubwa zaidi.

Chukua watoto wawili wa nyumba moja, wa kike na wa kiume, wote wako darasa la nne. Saa tisa alasiri wanarudi kutoka shule. Kama siyo zamu yake ya kuchunga, mvulana anatupa daftari kitandani na kwenda kucheza mpira wa chandimu. Msichana anachukua ndoo. Akirudi kisimani anaosha vyombo vya mchana, anachambua mboga, anambeba mdogo wake mgongoni mama anapomalizia palizi, anawasha moto. Kiza kinaingia. Hakuna aliyemkataza kucheza. Ukimuuliza mama yake atakuambia kwa moyo safi kwamba mwanawe yuko huru kucheza akimaliza kazi. Tatizo ni kwamba kazi zenyewe haziishi.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Katikati ya miaka ya 1950 Robert na Barbara LeVine waliishi na familia za Wagusii huko Nyansongo, magharibi mwa Kenya, wakaandika jinsi watoto wa umri mdogo walivyokabidhiwa ng'ombe, shamba na wadogo zao. Beatrice na John Whiting walipokuja kulinganisha watoto wa jamii sita za dunia, katika kitabu chao cha 1975, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliojali wenzao na kubeba wajibu kuliko wengi. Kazi iliyowapa umuhimu nyumbani iliwajenga. Kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi mpaka wenyewe haueleweki: watoto hutoka kwa makundi, wakachimba mizizi, wakaokota mabuyu na matunda, wakala palepale na kurudi na sehemu, na mtazamaji hawezi kusema ni dakika gani kazi iligeuka kuwa mchezo. Wavulana wa kuchunga wanalijua hilo pia. Nusu ya kujifunza manati hufanyika nyuma ya ng'ombe.

Lakini foleni ya maji ina sheria nyingine. Ndoo ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini, na kichwa kilichoibeba hakikimbii. Msichana anaweza kucheza mdako akisubiri zamu yake kisimani, na wengi hucheza. Ila mchezo huo unakatwa kila ndoo inaposogea mbele, na yeye anakuwa na jicho moja kwenye kokoto na jingine kwenye foleni. Ndiyo maana nasema, bila kutania, kwamba katika kijiji chenye kisima cha mbali mradi wa kwanza wa michezo ya watoto ni bomba la maji. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Lengo hilo huhesabiwa kwa afya. Lihesabiwe pia kwa saa za watoto. Tangu mwaka 2019 kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake kuna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyokusanya fedha kwa ndoo na kutunza mitambo. Pampu ikiharibika na kukaa miezi bila kutengenezwa, hasara haionekani katika daftari la chombo hicho. Inaonekana uwanjani, ambako wasichana wamepotea.

Mashine ya kusaga ikisogea karibu nayo huleta unafuu wa aina hiyohiyo, na baba akikubali kwamba mvulana naye anaweza kuosha sufuria, unafuu unapatikana bila shilingi hata moja.

Kuna kisa ambacho kila mwenye nia njema kwa watoto wa vijijini angepaswa kukisoma. Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1980, fundi mmoja wa visima alibuni pampu inayozungushwa na pembea ya duara ya watoto. Watoto wanacheza, pembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tanki lililoinuliwa juu, na kuta za tanki zinabandikwa matangazo ya kulipia matengenezo. Ikaitwa PlayPump. Ni rahisi kuona kwa nini wazo hilo liliwateka watu: mradi mmoja unaleta maji na furaha kwa pamoja. Mwaka 2006 ulitangazwa nchini Marekani msaada wa dola milioni 16.4, lengo likiwa pampu 4,000 kusini mwa Afrika kufikia mwaka 2010.

Yaliyofuata yalijulikana kwanza na akina mama. Pembea ya kawaida ukiisukuma inaendelea yenyewe, na utamu wake uko hapo, kwenye ule mzunguko wa bure. Pembea inayovuta maji kutoka ardhini haikupi mzunguko wa bure. Ukiacha kusukuma inasimama. Watoto walichoka, wakaenda kucheza kwingine. Maji yalihitajika asubuhi na mapema, watoto wakiwa wamelala au wanakwenda shule. Basi mama mtu mzima, pengine mjamzito, pengine ajuza, akajikuta akiinama kusukuma kifaa cha watoto mbele ya watu, mahali ambapo zamani palikuwa na pampu ya mkono aliyoimudu. Kifaa kilipokufa, fundi wa kijiji hakuweza kukifungua. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja iwatosheleze watu wote iliyoahidiwa kuwahudumia, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Baadaye shirika lililokuwa likisambaza pampu hizo lilisimamisha kazi yake na kukabidhi zilizobaki kwa shirika jingine.

Wengi hukichukua kisa hiki kama somo la teknolojia ya maji. Kwangu ni somo la mchezo. Siku mtu mzima anapoupa mchezo kazi ya kufanya, mtoto anatambua mara moja, hata kama hawezi kueleza, na anaondoka. Mchezo ni ule ambao mtoto anaweza kuuacha. Tahadhari hiyo inahusu pia miradi yetu myepesi zaidi, ile inayotaka kila wimbo wa ukuti ufundishe kunawa mikono na kila mpira ufundishe hesabu. Kunawa mikono kufundishwe. Hesabu ifundishwe. Na nusu saa moja iachwe isiyofundisha chochote.

Sasa mahali. Vijiji vingi vya Tanzania vilipata sura yake katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, nyumba zikapangwa kwa mistari, shule ikakaa katikati au pembeni, na karibu yake kikaachwa kiwanja cha mpira. Kila mtu alijua ni kiwanja cha mpira, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyeandika. Sasa watu wameongezeka na kiwanja kipo kwenye eneo zuri, karibu na njia. Kwanza unakuja mnara wa simu, na kijiji kinafurahia kodi. Kisha ghala la mazao. Kisha mstari wa vibanda vya biashara upande wa barabarani. Kila jambo lina faida yake na kila mmoja amechukua pembe ndogo tu. Baada ya miaka kumi goli moja limebaki nyuma ya choo cha ofisi, na watoto wanacheza chandimu kando ya barabara ambayo sasa ina lami na bodaboda.

Tiba ya jambo hili ipo kisheria, na ni ya bei nafuu kuliko bembea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, ambayo halmashauri hupendekeza na mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha. Ardhi hiyo huandikwa kwenye rejesta. Kiwanja kilichoandikwa kina mipaka, kina ukubwa, na hakiwezi kugawiwa na viongozi wawili jioni moja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 nayo inaviwezesha vijiji kupanga matumizi bora ya ardhi yao. Siku timu ya wilaya inapokuja na vipimo vyake kijijini, mazungumzo hutawaliwa na mashamba, malisho, misitu na mipaka na kijiji jirani. Mtu mmoja asimame aseme: Ndugu Mwenyekiti, na watoto wanachezea wapi? Swali hilo likiingia kwenye muhtasari limekwisha kuzaa kitu.

Kuna kasoro moja katika utaratibu huo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wanaojua kijiji kwa nyayo zao hawamo. Kiwanja cha mpira chenyewe ni mali ya wavulana wakubwa. Wasichana na wadogo hawafiki katikati yake. Wao wana mahali pengine: kivuli cha mwembe wa bibi fulani, korongo lenye mchanga laini, ukuta wa msikiti wenye baraza, mlango wa shule siku ya Jumamosi. Mahali hapo hapatajwi kwenye ramani yoyote, na mwembe unaweza kukatwa kwa ajili ya mkaa bila mtu kujua kwamba kijiji kimepoteza uwanja. Njia ya kupajua ni rahisi. Waambie watoto wachore kijiji chao mchangani, kila kundi kivyake, wasichana, wavulana, wadogo, na kisha watembee na wajumbe wa kamati wakiwaonyesha wanapocheza na wanapopaogopa. Kule kwenye hofu kamati isikilize zaidi. Shimo lililochimbwa kokoto za barabara na kuachwa wazi hujaa maji wakati wa masika, na mtoto asiyejua kuogelea huliona kuwa bwawa la kuchezea. Lambo la mifugo lina hatari hiyohiyo. Mkandarasi aliyechimba arudi afukie, na kijiji kina haki ya kumdai hivyo kabla hajaondoka na mitambo yake. Panapokuwa na baraza la watoto, ombi hilo litoke humo na lisomwe kikaoni kwa sauti ya mtoto.

Ruhusa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inakaa vichwani mwetu. Mzee atasimama kikaoni na kusema sisi tulikua bila haya mambo ya kupangiwa michezo. Anasema kweli, na apewe heshima yake. Ila alikua wakati msitu ulikuwa karibu, barabara ilikuwa njia ya baiskeli, na shule ilikuwa ikimwachia mapema. Mwanafunzi wa leo ana mitihani ya taifa ya darasa la nne na la saba, na ili shule isiwe ya mwisho wilayani anabakizwa kwa masomo ya ziada, Jumamosi anarudi tena, na wa darasa la saba wanapigiwa kambi wakalala shuleni. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilileta watoto wengi madarasani, jambo la kujivunia, na mara nyingi madarasa mapya yalijengwa juu ya ardhi ileile iliyokuwa ya kuchezea. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba. Nenda ukaangalie kinavyotumika: kufyeka nyasi, kufagia, kuchota maji ya nyumba ya mwalimu. Mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA yakikaribia kinafufuka, na wale wenye mbio wanachaguliwa, na wengine mia nne wanasimama pembeni kushangilia. Nayapenda mashindano hayo, yametoa wanariadha. Bado hayawezi kuhesabiwa kuwa mchezo wa shule nzima.

Sheria iko upande wa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja haki ya kupumzika na kucheza katika ibara ya 31. Mkataba wa Afrika wa 1990 unarudia hivyo katika ibara ya 12. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi kumtunza mwanawe inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, uhuru, na kisha haki ya kucheza na kustarehe. Kucheza kumo katika orodha moja na chakula. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Lakini mzazi aliyechoka jioni hashawishiwi na ibara. Anashawishiwa na kuona kwamba mwanawe anapata kitu.

Na kitu hicho kipo. Mwaka 1986 huko Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wa familia maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa lishe duni. Kwa baadhi yao, kwa miaka miwili, mhudumu wa afya wa jamii alikuja nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa chupa, vizibo, makopo na vitambaa. Hakuna mwanasesere wa dukani. Miaka ishirini baadaye watafiti waliwatafuta walewale. Waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia watoto ambao hawakuwahi kudumaa. Kingston ni mji. Lakini mama yule, umaskini ule na makopo yale ni vya kijiji chetu kabisa, na njia hiyo imekwisha kujaribiwa vijijini katika nchi nyingine tangu hapo. Kwetu, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ndani yake mchezo na uchangamshi umepewa nafasi. Anayeweza kuifikisha nyumbani ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tayari anapita kupima uzito na kuuliza chanjo. Akikaa dakika ishirini zaidi mkekani, akamwonyesha baba jinsi ya kuficha kizibo chini ya kikombe na kumngoja mtoto akitafute, baba huyo hahitaji semina.

Nataja baba makusudi. Kuna wanaume wazuri wengi ambao hawajui kwamba wanaruhusiwa kucheza na watoto wao.

Tukishapata maji, ardhi iliyoandikwa na ruhusa ya wakubwa, tujenge. Kipimo changu cha kila kifaa ni swali moja: kikivunjika leo, nani hapa kijijini atakitengeneza? Kama jibu ni kampuni ya mjini, kiachwe. Matairi chakavu ya basi yanapatikana, hayaozi, na mtoto ana njia nyingi za kuyatumia: yakizikwa nusu ardhini yanakuwa ngazi, daraja, farasi, jukwaa. Yatobolewe matundu chini kwanza, kwa sababu maji ya mvua yaliyotuama ndani ya tairi ni kitalu cha mbu wa dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yenye nyuzi za chuma zilizochomoza yakataliwe. Nguzo za mkaratusi huliwa na mchwa wasipodhibitiwa, na mafundi wetu huzipaka oili chafu; sehemu inayozikwa inaweza kupakwa, ila ile ambayo mtoto ataishika kwa mikono na kuilalia kwa shavu isiguswe na oili. Bembea ikae pembeni kabisa, mbali na njia ya wanaokimbia, kwani anayeumia mara nyingi ni mdogo aliyepita mbele yake. Chini yake pawekwe mchanga mwingi wa mtoni, na uongezwe kila unapopungua. Mteremko wa bati usiwekwe kamwe mahali pasipo kivuli. Saa saba mchana unaunguza mapaja.

Kivuli chenyewe ni kifaa. Kwa mtoto mwenye ualbino ndicho kinachoamua kama atacheza na wenzake au atawatazama akiwa dirishani, kwa maana jua la mchana linamjeruhi ngozi kwa kweli. Mwarobaini unavumilia ukame na kukua haraka. Upandwe mwanzo wa masika, uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Mtoto wa kiti cha magurudumu anahitaji njia ya changarawe iliyoshindiliwa kutoka barabarani hadi katikati ya mchezo, siyo hadi ukingoni. Asiyeona atacheza na mpira uliotiwa njuga. Hivi vyote vipangwe siku ya kwanza, kwa sababu kuviongeza baadaye huwa ni ahadi tu.

Na karibu na hivyo paachwe eneo lisilojengwa kitu, lenye udongo, vijiti, mabua, makopo yasiyo na makali na matofali mabovu. Watoto wataanzia hapo.

Inabaki kazi ya kulinda. Kamati ya huduma za jamii ya halmashauri ya kijiji ndiyo mahali pake, na iweke jina la mjumbe mmoja anayeulizwa. Viwanja vya vijiji hutumiwa pia kwa mnada, mikutano ya kampeni na sherehe, na hilo si baya, kwani eneo linalotumiwa na wengi hutetewa na wengi. Shida hubaki asubuhi yake: chupa zilizovunjika, misumari ya vibanda, majivu ya moto yaliyofukiwa juujuu yakiwa bado na joto, kwenye ardhi ambayo watoto huikanyaga peku. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na wilaya. Moja iseme kwamba anayepewa uwanja kwa siku analipa amana kabla ya kupanga bidhaa zake, na harudishiwi mpaka mjumbe wa kamati apite uwanjani kesho yake kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na watoto wawili wenye macho makali ya kuona vigae, na wote watatu wakubali kuwa ni safi.